Gunia Nyuma ya Goli

Tuliachana wiki jana mbuzi akiwa chini na kisu kikiwa juu. Msihangaike. Mbuzi yu hai, na kisu bado kinangoja.

Mwenyekiti Ewoi wa Ngamia FC ya Lodwar alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba ya Nyaluak, kambini Kakuma, mkono mmoja kwenye pembe, mwingine kwenye kisu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye tai. Ndiyo, alikuja kuchinja mbuzi akiwa amevaa tai.

"Ngoja," Nyaluak alisema.

Ewoi akangoja. Mbuzi naye akangoja.

"Huyu mbuzi ni ya nani?"

"Wa klabu, mama. Mbuzi wa amani. Sisi Waturkana tuna desturi. Ukimkosea mtu unaleta mnyama, anachinjwa, mnakula pamoja. Nyama ikishapita kooni, neno limekwisha. Halirudiwi tena."

"Hata sisi Nuer tuko na hiyo."

"Basi vizuri! Meza kipande kimoja tu, hata cha ini. Halafu Makuei apande gari twende. Kibali chake cha kutoka kambini niko nacho hapa."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, habari ni fupi. Makuei, mtoto wa Nyaluak, ndiye mshambuliaji wa Ngamia. Msimu huu amefunga mabao kumi na saba, na kwa mabao yote kumi na saba alikuwa mtoto wa Lodwar. Wazee walimpa hata jina la fahali, heshima ya Waturkana. Jumapili iliyopita akakosa penalti moja. Kabla mpira haujatua nje, alikuwa ameshakuwa mkimbizi.

Mashabiki wake mwenyewe, waliokuwa nyuma ya goli, wakamrushia makaa. "Mweusi kama makaa! Rudi kambini!" Kipande cha kwanza kikampasua juu ya jicho. Timu ikashinda hivyo hivyo. Fainali ni Jumamosi, na watu wa klabu moja kubwa ya Nairobi wanakuja kumtazama Makuei na si mtu mwingine. Lakini Makuei amesema hatavaa tena jezi ile mpaka aliyerusha kipande cha kwanza atajwe jina na kufungiwa uwanja. Orodha ya wachezaji inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Siku ya mbuzi ilikuwa Alhamisi.

Nyaluak alimwinamia Ewoi. Ni mama mrefu, na Ewoi alikuwa chini.

"Wewe ndiyo ulirusha makaa?"

"Mimi? Hasha!"

"Basi kwa nini wewe unaleta mbuzi? Mbuzi inaletwa na mwenye makosa. Ashike kamba na mkono yake. Mimi nione uso yake. Hapo nitakula."

"Mama, kosa ni letu sote."

"Kosa ya watu wote ni kosa ya hapana mtu."

Ewoi akainuka, magoti yakalia. Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mama, klabu haijalala. Tumeunda kamati. Kamati imeunda kamati ndogo. Tumechapisha fulana." Akafungua gari, akatoa moja: SOTE NI WAMOJA. "Na tumetoa taarifa rasmi ya kulaani."

"Inasema nini?"

"Iko kwa Kiingereza."

"Na hawa watu wa makaa wanajua Kiingereza?"

"Hapana. Na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Hapo Nakiru, katibu wa klabu aliyekuja naye, akachoka. Nakiru ni mama wa watoto watatu, na ana sauti ambayo watoto watatu humpa mtu.

"Mwenyekiti, fungua huyo mbuzi miguu. Twende." Kisha akamgeukia Nyaluak. "Mama, nitakuletea jina kesho kabla ya saa kumi na moja."

"Jina peke yake hapana."

"Jina na mwenyewe."

Dirisha dogo la mabati likafunguka kidogo. Jicho moja likaonekana, juu yake plasta. Nyuma yake, viatu vya mpira vilining'inia kwenye msumari.

"Madam Nakiru," Makuei alisema, "usiahidi. Watu wa klabu wanaahidi sana." Dirisha likafungwa.

Njia nzima ya kurudi Lodwar Ewoi alilalamika. "Umeahidi nini wewe? Nani amekutuma?" Nyuma ya gari mbuzi alikuwa akitafuna fulana za amani. Walipofika mjini alikuwa amemaliza neno la mwisho. Fulana iliyobaki ilisema SOTE NI.

*

Uwanjani, Lokwawi mtunza nyasi alikuwa akimsubiri Nakiru. Nyasi zenyewe hakuna, lakini cheo kipo.

"Katibu, nimepata kitu nyuma ya goli. Kilikuwa chini ya mbao za jukwaa."

Lilikuwa gunia la makaa, limefunguliwa, nusu tupu. Nakiru akachutama, akashika mdomo wa gunia. Halafu hakuinuka.

Mnaotumia barabara ya Kitale mnajua. Pale Kalemng'orok magunia yamepangwa kando ya lami, na kila mchoma makaa ana namna yake ya kufunga mdomo wa gunia. Huyu hutumia vijiti vitatu, yule wavu wa kamba. Mnunuzi mzoefu halisomi gunia, huusoma mdomo wake. Mshono ulikuwa umeachia, lakini alama zilibaki: mdomo ulikuwa umeshonwa kwa majani ya mkoma yaliyosukwa, mara tatu kulia, mara moja kushoto, mkia ukarudishwa ndani ili usimchome mbebaji.

Nakiru alikuwa ameshona midomo hiyo tangu ana miaka saba. Ndiyo iliyomsomesha. Iko mikono miwili tu duniani inayofunga hivyo, na mmoja ni wake.

Akampigia simu mama yake. Jina lake ni Akoru, lakini Lodwar nzima humwita Mama Ngamia. Hakosi mechi hata moja. Huja juu ya lori la makaa, shanga hadi kidevuni, filimbi mdomoni, na wachezaji hawaingii uwanjani kabla hajawatemea mate ya baraka.

"Ejok, mama," Nakiru akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi. Umekula?"

"Nimekula. Mama, ulimwuzia nani gunia hapa Lodwar, Jumapili ile?"

"Kwa nini?"

"Limepatikana nyuma ya goli. Mdomo wake ni wako. Niambie aliyelinunua, ndiye ninayemtafuta."

Upande wa pili lori lilipita. Halafu upepo.

"Mama?"

"Hilo gunia sikumwuzia mtu," Akoru alisema, na simu ikakatika.

Nakiru akapiga tena. Imezimwa. Akapiga mara tisa. Kisha akajiambia kwamba mtandao wa Kalemng'orok ni mbovu, na ni kweli ni mbovu. Mtu mzima akitaka kudanganywa hahitaji msaada wa mtu mwingine.

*

Ijumaa, saa tisa na nusu, kamati ilikaa. Watu saba na pangaboi moja.

"Ajenda ni moja," Ewoi alisema. "Kulinda heshima."

"Ya Makuei?" Nakiru aliuliza.

"Ya klabu."

Mjumbe Eregae akapendekeza dakika moja ya kimya kabla ya fainali. Mwingine akataka Makuei arekodi video ya kuwasamehe mashabiki, akiwa anatabasamu. Wa tatu akasema waliorusha makaa si mashabiki halisi, ni watu wa nje.

"Watu wa nje waliovaa jezi zetu?" Nakiru akauliza.

"Waliazima."

"Na wimbo wetu, waliuazima? Waliuimba wote, ubeti wa pili pia. Wewe mwenyewe ubeti wa pili huujui."

Kikao kikacheka, isipokuwa mjumbe huyo wa tatu. Nakiru akatoa karatasi kwenye faili.

"Nina rasimu ya uamuzi. Nisome?"

"Soma."

Akasoma. "'Kumwita mchezaji mnyama au mkaa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake si utani. Ni kumvua utu mbele ya mama yake. Radhi za jumla hatuzitaki, kwa maana radhi za wote hazina mwenyewe. Tunataka mtu wa kwanza aliyetupa atajwe kwa jina, atolewe uwanjani, asirudi maisha yake yote. Wala asifichwe kwa umri, ukoo au cheo. Hata kama ni mama mzazi wa kiongozi wa klabu, afungiwe.'"

Ewoi akapiga makofi. Macho yake yalilowa.

"Hayo ni maneno! Nani kaandika?"

"Tupige kura kwanza."

Mikono saba ikapanda. Wa Ewoi ulipanda kwa moyo wote, nusura pangaboi liuchukue. Wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine.

"Umeandika wewe, mwenyekiti," Nakiru akasema. "Mwaka jana. Tulipokwenda kucheza huko ng'ambo ya Kainuk, nje ya Turkana, vijana wetu wakatupiwa maganda ya ndizi na kuitwa makaa. Barua ya kurasa nne uliwaandikia wenyeji wetu. Mimi nimechukua aya moja na kubadilisha tarehe tu."

Ewoi akakaa. "Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

"Pale waliotukanwa tulikuwa sisi!"

Kabla hajapata njia ya kuirudisha sahihi yake ndani ya kalamu, simu ya Nakiru ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Elyse, Mkongomani wa Kakuma anayepiga video za harusi, na ambaye humfuata Makuei na kamera yake tangu akichezea timu ya kambini. Nakiru alikuwa amemwomba picha za penalti ile; akaufungulia kila mtu asikie.

"Mama katibu, bonjour. Samahani nimekawia, video ilikuwa muzito na network ya huku inanichokesha. Angalia dakika ya pili. Mutu wa kwanza ni mama moja muzee. Miye simujue."

Vichwa saba vikajazana juu ya skrini moja.

Nyuma ya goli, mama mmoja amekaa juu ya gunia kama kiti. Shanga hadi kidevuni. Penalti inapaa. Mama anasimama, anainama, vidole vyake vinaupata ule mkia uliofichwa ndani na mshono wote unaachia kwa mvuto mmoja. Hakuna mgeni anayeweza kufungua gunia lile upesi namna ile. Anachukua kipande. Anarusha. "Rudi kambini!" Ndipo wengine wakalivamia gunia.

"Si ni Mama Ngamia?" Eregae akanong'ona.

Wote walikuwa wakimtazama Nakiru.

Wa kwanza kupona alikuwa Ewoi, na alipona vizuri mno. Sauti yake ikawa asali.

"Nakiru, binti yangu. Mama yako ni mtu mzima. Ule ulikuwa utani wa uwanjani. Sasa unaona faida ya mbuzi?"

"Tuseme kamera ilitikisika," Eregae akasaidia.

"Tuseme gunia liliibwa!"

Wanaume ambao siku tano hawakuwa na wazo hata moja, sasa walikuwa na mawazo kumi kwa dakika, yote ya kumsaidia yeye. Nakiru akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu. Ilimtosha kunyamaza tu. Hakuna mtu chumbani pale ambaye angemlaumu.

Akawaza dirisha dogo la mabati. Watu wa klabu wanaahidi sana.

Akavuta karatasi. Pale palipoachwa wazi kwa ajili ya jina akaandika kwa herufi kubwa: AKORU. Akaikoleza R mara mbili.

"Mwenyekiti, muhuri."

"Muhuri umepotea."

"Umo mfukoni mwako. Wino umeshapenya shati."

Ewoi akajitazama kifuani. Doa la zambarau lilikuwa likipanuka. Akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Nisikilize wewe mwanamke! Ukimfungia Mama Ngamia, jukwaa lote litasusa. Kesho tutacheza fainali mbele ya mbuzi! Na wewe, utamtazamaje mama aliyekuzaa?"

"Nitamtazama kama yeye alivyonitazama nilipoiba sukari ya jirani. Alinishika sikio akanipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mwenye sukari."

Akasimama, akautoa mkono wa Ewoi kifuani kama anavyouondoa mkono wa mtoto kwenye sufuria, akaibandika barua juu ya lile doa na kuikandamiza kwa kiganja. Alipoibandua, ngamia wa klabu alikuwa ametoka. Hana kichwa, mguu mmoja umepotea, lakini nundu ilionekana.

"Huo si muhuri!" Ewoi akafoka.

"Ni wa klabu. Umefanana nayo."

Akaipiga picha. Akaituma kwenye kundi la mashabiki na kwa Nyaluak. Ilikuwa taarifa ya kwanza ya Ngamia FC kuandikwa kwa Kiswahili, na kila mtu akaielewa. Ndani ya dakika moja malalamiko yalikuwa arobaini. Mmoja alimwita Nakiru mwana asiye na haya. Mwingine aliuliza kama Mama Ngamia naye sasa ni mkimbizi.

Nakiru akapiga tena simu ya mama yake, amwambie kwa kinywa chake kabla hajaambiwa na watu. Imezimwa.

Saa kumi na dakika hamsini, simu yake ikalia. Nyaluak.

"Nakiru. Jina nimeona."

"Ndiyo, mama. Na mwenyewe... nipe muda. Ni mama yangu. Simpati kwa simu."

"Humpati kwa sababu yeye iko hapa."

Nakiru akashika kiti.

"Iko mbele ya nyumba yangu tangu saa saba. Amekuja juu ya lori. Ako na mbuzi, kamba iko kwa mkono yake. Nimemwambia kaa, amekataa kukaa. Nimemwambia kunywa maji, amekataa. Anasema mwenye makosa hapana kaa."

Vichwa sita viliisogelea simu. Hata pangaboi lilionekana kusikiliza.

"Amesema nini kingine?"

"Anasema hii maneno ya makaa, yeye ameitwa nayo miaka thelathini, kila siku akivuka Kainuk kuuza. Anasema alifikiri akimrushia mtu mwingine, itamtoka."

Nakiru akafumba macho. "Na ikamtoka?"

"Nimemuuliza. Amesema hapana."

"Utakula mbuzi wake?"

"Mimi niko tayari. Lakini jicho iliyopasuka si yangu." Nyuma ya sauti yake mlango wa mabati ukalia. "Ngoja. Makuei ametoka."

Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika hamsini na nne. Ewoi, doa kifuani, alikuwa amesogea hadi sikio lake likagusa simu. "Amevaa viatu? Muulize kama amevaa viatu!"

"Mama, amevaa viatu vya mpira?"

"Moja amevaa. Moja bado iko kwa mkono wa kushoto."

"Na wa kulia?"

Sauti ya Nyaluak ikashuka.

"Ile kipande ya makaa. Ile ya kwanza. Kumbe aliiweka siku hizi zote, iko na damu yake. Makuei! Makuei, ngoja!"

Hatua zikasikika kwenye changarawe. Zikasimama. Mbuzi akalia mara moja.

Kisha Nakiru akaisikia, kwa mbali lakini bila kutetemeka, sauti aliyoijua kabla hajajua kuongea.

"Rusha, mwanangu," Akoru alisema. "Nimesimama."